Kwa nini sinapsi ya hipokampasi haiishiwi glutamati

Mwaka juzi, katika kipindi cha fiziolojia nilichokitenga kwa ajili ya sinapsi, yaani kiungo ambapo seli moja ya neva (nyuroni) huipitishia nyingine ujumbe kwa kumwaga kemikali kama glutamati, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza hivi: "Mwalimu, nyuroni ikishamwaga glutamati, na glutamati hiyo ikabebwa na seli nyingine, yenyewe inapata wapi nyingine ya kumwaga?" Nilimjibu kwa sentensi mbili, kwamba seli jirani iitwayo astrosaiti huigeuza glutamati kuwa glutamini na kuirudisha kwa nyuroni, kisha nikaendelea na somo. Jibu lilikuwa sahihi lakini halikukidhi swali, kwa sababu yeye aliuliza juu ya nyuroni inayofanya kazi mfululizo bila kupumzika, nami nilimchorea duara la mishale ambalo halisemi lolote kuhusu kasi, umbali wala uchovu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia suala hili kila nipatapo nafasi ya kusoma, na makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Tuanze na glutamati yenyewe. Hii ni asidi amino ya kawaida kabisa, ambayo mwanakemia Mjerumani Ritthausen aliitenga kutoka katika protini ya ngano mwaka 1866, na ambayo ipo karibu katika kila mlo tunaokula. Katika miaka ya 1950 Takashi Hayashi wa Japani alionyesha kwamba ukiiweka moja kwa moja juu ya gamba la ubongo wa mbwa, mnyama huyo hupata degedege. Mwishoni mwa muongo huo Curtis, Phillis na Watkins, wakifanya kazi Canberra, waliipuliza kwenye nyuroni za uti wa mgongo na kuona kwamba inazisisimua kwa nguvu. Jambo linalonivutia ni kwamba wao wenyewe hawakuamini kuwa wamekutana na kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya neva, kwa kuwa karibu kila nyuroni waliyoijaribu iliitikia, na dutu iliyojaa kiasi kile katika kila seli ilionekana kuwa ya kawaida mno kupewa kazi ya pekee namna ile. Ilichukua miaka mingi na vithibitisho vya aina nyingi kabla wataalamu hawajakubaliana kwamba glutamati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya msisimko wote katika ubongo wa mamalia.

Hoja ya Canberra ilikuwa na uzito wake, na ndani yake ndimo fumbo letu lilimo. Ndani ya nyuroni mkusanyiko wa glutamati hufikia milimoli kadhaa kwa lita, na ndani ya vifuko vidogo vinavyosubiri kumwagwa kwenye sinapsi mkusanyiko huo hupanda hadi makumi ya milimoli na kuzidi. Nje ya seli, katika nafasi nyembamba inayotenganisha seli moja na nyingine, glutamati inatakiwa kubaki chini kwa maelfu ya mara kuliko ilivyo ndani. Ikiachwa huko, vipokezi vya nyuroni hubaki wazi, kalsiamu huingia bila kikomo, na seli hufa. Kwa hiyo kila tone linalomwagwa lazima liondolewe mara moja, na yule anayeliondoa, kwa sehemu kubwa sana, si nyuroni iliyolimwaga.

Mwondoaji ni astrosaiti. Seli hii yenye matawi mengi membamba huzizingira sinapsi, na utando wake umejaa protini za kuvuta glutamati, hasa ile iitwayo GLT-1, ambayo katika sehemu ya mbele ya ubongo hufanya takriban asilimia 90 ya kazi yote ya uvutaji. Kila molekuli moja ya glutamati huingizwa ikisindikizwa na ayoni tatu za sodiamu na protoni moja, huku ayoni moja ya potasiamu ikitolewa nje, na gharama ya nishati inayolipwa baadaye kuirudisha sodiamu nje si ndogo. Panya waliozaliwa bila GLT-1 hupata degedege na wengi wao hufa mapema. Sehemu ndogo ya glutamati hurudi moja kwa moja kwenye ncha ya akzoni (mkia mrefu wa nyuroni) iliyoitoa, lakini sehemu kubwa inaishia kwa jirani.

Ndani ya astrosaiti kimeng'enya kiitwacho glutamini sinthetasi huchukua glutamati, huiunganisha na amonia kwa kutumia molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli, na kuitoa ikiwa glutamini. Ningependa msomaji atulie hapa kidogo, kwa maana ni hapa niliposhindwa kumsaidia mwanafunzi wangu. Badiliko la kikemia ni dogo: kundi moja la asidi mwishoni mwa molekuli limegeuzwa kuwa amaidi. Hata hivyo, badiliko hilo dogo linaifanya dutu ile isitambuliwe kabisa na vipokezi vya glutamati. Glutamini inaweza kuzagaa katika nafasi ile ile ambamo glutamati ingeleta maangamizi, ikapita kando ya vipokezi vile vile, na hakuna nyuroni itakayoitikia. Ndiyo maana maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana glutamini ya takriban nusu milimoli kwa lita, kiasi ambacho kama kingekuwa cha glutamati kingeua. Wazo la kusafirisha bidhaa hatari ikiwa imefungwa mdomo, kisha kuifungua ilipofika, ndilo kiini cha mfumo mzima.

Astrosaiti huitoa glutamini nje kwa kutumia protini za kupitishia kama SNAT3, nyuroni huivuta ndani, na kimeng'enya kingine kilichomo katika mitokondria, yaani glutaminasi, huondoa ile amonia na kuirudisha glutamati. Kisha protini za familia ya VGLUT, ambazo kazi yake ilitambuliwa mwaka 2000, huijaza glutamati katika vifuko. Mzunguko umekamilika, na safari inaweza kuanza tena.

Hakuna mtu mmoja aliyeuona mzunguko huu mzima kwa mara moja. Hans Krebs, ambaye wengi humkumbuka kwa mzunguko mwingine wenye jina lake, alieleza mwaka 1935 jinsi tishu za wanyama zinavyotengeneza glutamini kutoka glutamati na amonia, na jinsi zinavyoivunja tena. Mwaka 1971 van den Berg na Garfinkel walionyesha kwa hesabu kwamba takwimu za kemia ya ubongo haziwezi kueleweka mpaka ukubali kwamba glutamati imegawanyika katika vyumba viwili tofauti. Mwaka 1977 Martinez-Hernandez, Bell na Norenberg walitumia kingamwili kukitafuta kimeng'enya cha glutamini sinthetasi katika ubongo, wakakikuta kwenye astrosaiti na si kwenye nyuroni. Chumba kimoja kilikuwa kimepata mwenyewe.

Kuna sababu nyingine inayoifanya nyuroni imtegemee jirani, nayo husahaulika mara nyingi. Mtu anaweza kufikiri kwamba nyuroni, kwa kuwa inapata glukosi kwa wingi, ingeweza kujitengenezea glutamati mpya kutoka katika sukari hiyo. Inaweza kubadilisha kiunzi cha kaboni kilichomo katika mzunguko wa Krebs, ule unaoipatia seli nishati, kuwa glutamati, lakini kila molekuli inayotolewa humo ni pengo linalopaswa kuzibwa, na kimeng'enya kikuu cha kuziba pengo hilo, piruveti kaboksilasi, kinapatikana katika astrosaiti. Nyuroni inayomwaga glutamati bila kurudishiwa chochote inapunguza akiba ya mashine yake yenyewe ya nishati.

Hadi hapa nimeeleza yale yaliyomo katika vitabu vingi. Swali la mwanafunzi wangu lilikuwa gumu zaidi: je, sinapsi inayofanya kazi inauhitaji kweli mzunguko huu, au mzunguko upo tu kama njia mojawapo miongoni mwa nyingi? Ili kulijibu, watafiti walikwenda hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na hawakwenda huko kwa bahati.

Hipokampasi, ambayo jina lake la Kigiriki linatokana na kufanana kwake na farasi wa baharini, imepangwa kwa unadhifu ambao sehemu nyingi za ubongo hazina. Nyuroni za ukanda uitwao CA3 hupeleka akzoni zao hadi ukanda wa CA1, na kifurushi hicho cha akzoni kinaitwa kwa jina la Károly Schaffer, Mhungaria aliyekieleza mwaka 1892. Ukikata kipande chembamba cha hipokampasi cha panya na kukiweka katika maji yenye chumvi, glukosi na oksijeni, kipande hicho huendelea kuishi kwa saa nyingi, na unaweza kuzigusa akzoni za Schaffer kwa umeme upande mmoja na kupima mwitikio wa CA1 upande wa pili. Huku ndiko ambako kumbukumbu mpya hupita. Tangu Henry Molaison alipofanyiwa upasuaji mwaka 1953 na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, na Brenda Milner kueleza jinsi alivyopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, hakuna anayelichukulia eneo hili kwa wepesi.

Unadhifu huo una faida nyingine, nayo ni umbali. Mwili wa nyuroni upo CA3, lakini sinapsi zake zipo CA1, milimita kadhaa mbali. Molekuli ndogo inayosambaa yenyewe ndani ya maji huhitaji takriban robo saa kuvuka milimita moja, na kwa kuwa muda huongezeka kwa mraba wa umbali, milimita mbili zitaichukua kiasi cha saa nzima. Sinapsi moja ya kawaida ya CA1 ina wastani wa vifuko 200 hadi 300, na kati ya hivyo takriban kumi tu ndivyo vilivyokwishatia nanga kwenye utando vikiwa tayari kumwagwa. Vifuko vyenyewe hurudishwa na kutumiwa tena, lakini kifuko kitupu hakina ujumbe. Ikiwa akzoni inapigwa mara 20 kwa sekunde, basi hata kama si kila pigo linalomwaga kifuko, ncha ya akzoni haiwezi kusubiri shehena kutoka kwenye mwili wa seli. Ama ina ghala kubwa pale pale ilipo, ama inahudumiwa na jirani aliye karibu.

Kifaa kikuu cha kuupima mfumo huu kina historia inayostahili kutajwa. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita viwanda vya unga nchini Uingereza na Marekani vilikuwa vikiung'arisha unga wa ngano kwa gesi ya nitrojeni trikloridi. Mwaka 1946 Edward Mellanby alionyesha kwamba mbwa waliolishwa unga huo walishikwa na vifafa vya kutisha, na baada ya miaka michache wanakemia walitambua kuwa sumu iliyozalishwa ndani ya unga ilikuwa methionini sulfoksimini. Sumu hiyo hukifunga kimeng'enya cha glutamini sinthetasi. Kile kilichowahangaisha mbwa wale sasa kimo katika chupa ndogo maabarani, na hutumiwa kuwazuia astrosaiti wasitengeneze glutamini ili kuona kitakachotokea kwenye sinapsi.

Mwaka 2007 Kam na Nicoll, kutoka San Francisco, walichapisha matokeo yaliyoitikisa imani ya wengi. Walifanya kazi na vipande vya hipokampasi ya panya na pia nyuroni zilizokuzwa katika vyombo. Walipoongeza glutamini katika maji, vifuko vilijazwa glutamati zaidi na sinapsi zikaimarika, jambo lililoonyesha kwamba njia ile ipo, lakini athari hiyo ilichelewa na ilikuja polepole. Walipotumia dawa za kuzuia mzunguko, sinapsi zilidhoofika haraka, na zilipoondolewa dawa hizo zikarudi haraka vile vile, mwendo ambao haufanani hata kidogo na ghala linaloisha na kujazwa upya. Zaidi ya hayo, nyuroni zilizokuzwa peke yake, bila astrosaiti, ziliendelea kumwaga glutamati kwa nguvu hata baada ya kunyimwa glutamini kwa muda mrefu. Hitimisho lao lilikuwa wazi: nyuroni zina uwezo wa kuhifadhi au kutengeneza glutamati kwa muda mrefu bila kutegemea astrosaiti.

Ninaiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu ilikataa kuuchukua mchoro wa kitabuni kuwa ushahidi. Mwaka mmoja kabla yake Masson na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba panya waliozaliwa bila glutaminasi ya ubongo hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, huku upumuaji wao ukiwa umevurugika na sinapsi zao za glutamati zikiwa na kasoro, lakini hata hapo sinapsi hazikunyamaza kabisa. Mtu mwenye haki angelazimika kukiri kwamba akiba ya nyuroni ni kubwa kuliko tulivyodhani.

Jibu lilitoka Stanford mwaka 2014, katika kazi ya Tani, Huguenard, Reimer na wenzao, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Hawakujaribu kuwapinga wenzao kwa kurudia jaribio lile lile. Walibadilisha swali. Sinapsi inayoguswa mara moja kila baada ya sekunde kadhaa, walisema kwa vitendo, haiwezi kukufundisha chochote kuhusu uhaba, kama vile kisima kinachochotwa ndoo moja kwa siku hakiwezi kukuonyesha kasi ya chemchemi yake. Basi waliichota. Waliwapa akzoni za Schaffer vipindi vya mapigo 20 kwa sekunde, wakivipishanisha na vipindi vya mapumziko ambapo pigo lilikuja mara moja tu kila sekunde tano.

Na kabla ya hapo walifanya jambo ambalo kwangu ndilo uamuzi wenye akili kuliko yote katika kazi ile: walizikata akzoni. Waliutenganisha ukanda wa CA1 na miili ya nyuroni za CA3, hivi kwamba ncha za akzoni zilibaki peke yake pamoja na astrosaiti zinazozizunguka. Ncha iliyokatwa haiwezi kuletewa chochote kutoka kwenye mwili wa seli. Chochote inachopata lazima kitoke papo hapo.

Walichokiona ni hiki. Katika ncha zilizotengwa, nguvu ya sinapsi ilishuka kadiri kazi ilivyoongezeka, na kushuka huko kulikwenda sambamba na kupungua kwa glutamati iliyomwagwa. Walipokizuia kimeng'enya cha astrosaiti kwa methionini sulfoksimini, anguko lilizidi. Walipoweka glutamini katika maji yaliyokuwa yakikiogesha kipande, anguko lilizuilika, na pale lilipokuwa limekwishatokea, lilirudishwa nyuma. Kisha, ili asiwepo wa kusema kwamba mapigo 20 ya mfululizo ni mateso ya maabara yasiyotokea katika maisha, walitumia mpangilio wa mapigo uliotokana na rekodi ya mnyama aliye hai, wenye milipuko na vituo visivyolingana, na utegemezi ule ule ukajitokeza.

Ukiyaweka matokeo ya 2007 na ya 2014 pamoja, naamini hayapingani kwa kiasi kinachodhaniwa. Nyuroni nzima, yenye mwili wake na akiba yake, ikifanya kazi ndogo, inaweza kuishi bila jirani kwa muda mrefu. Ncha ya akzoni, iliyo mbali na mwili wake, ikifanya kazi kubwa kwa muda mrefu, haiwezi. Mwanafunzi wangu, bila kujua, aliuliza juu ya hali hii ya pili.

Katika jambo hili kuna undani mmoja wa maabara ambao ningependa wanafunzi wote wanaoanza utafiti wa vipande vya ubongo waufahamu. Maji ya bandia yanayotumiwa kuviogesha vipande hivyo, kwa mapishi ya kawaida yanayorithiwa kutoka maabara moja hadi nyingine, yana sodiamu, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, fosfati, bikabonati na glukosi. Glutamini haimo. Ubongo ulio hai umezungukwa na nusu milimoli yake wakati wote, na kipande kikishaingia katika chombo, glutamini iliyokuwemo huoshwa na kwenda na maji. Kwa miongo mingi basi tumekuwa tukizipima sinapsi zilizonyang'anywa mojawapo ya vitu vinavyozitunza, na kwa kuwa tulizigusa polepole, nyingi hazikulalamika. Simlaumu yeyote kwa hilo, lakini anayepima uchovu wa sinapsi kwa mapigo ya kasi hana budi kujiuliza anapima tabia ya sinapsi au upungufu wa maji yake.

Mwaka 2022 kundi la Nathalie Rouach jijini Paris lilipiga hatua nyingine. Hadi wakati huo zana za kuitazama moja kwa moja glutamini ikihama kutoka astrosaiti kwenda nyuroni zilikuwa chache, kwani ni molekuli ndogo isiyo na rangi. Wao walitengeneza alama ya kung'aa inayoifuata glutamini, wakaiona ikitoka katika mtandao wa astrosaiti na kuingia katika ncha za akzoni pale sinapsi zinapofanya kazi. Safari hiyo ilitegemea koneksini 43, protini inayotengeneza milango kati ya astrosaiti na astrosaiti na pia milango ya kutokea nje. Safari hiyo ilipovurugwa, upitishaji wa ujumbe ulipungua, na panya wakashindwa kukitofautisha kitu kigeni na kile walichokwisha kukiona. Jaribio hili lilifanywa katika hali ya kawaida, si ya kifafa, kwa hiyo hoja kwamba glutamini ni msaada wa dharura tu imepungukiwa nguvu.

Kila nikiligusa suala hili mbele ya watu, huulizwa kama basi unga wa glutamini unaouzwa kwa wanaofanya mazoezi ya kutunisha misuli utaongeza kumbukumbu. Hakuna hata moja kati ya matokeo haya linalosema hivyo. Glutamini ndiyo asidi amino iliyo nyingi kuliko zote katika damu, na ile ya sinapsi inatengenezwa papo hapo, hatua chache kutoka mahali itakapotumika, kutokana na glutamati iliyomwagwa dakika hiyo hiyo. Tena, ziada yake ina madhara yake. Ini likishindwa kuondoa amonia katika damu, astrosaiti hujaribu kuifunga kwa kuigeuza kuwa glutamini, glutamini hujaa ndani yake, seli huvimba, na mgonjwa huchanganyikiwa, wakati mwingine hadi kuzimia kabisa.

Nimeacha kwa makusudi tatizo moja hadi sasa, kwa sababu lilinisumbua kwa muda mrefu. Mwaka 2004 Eid na wenzake walichunguza hipokampasi zilizoondolewa kwa upasuaji kutoka kwa wagonjwa wenye kifafa kinachoanzia sehemu ya pembeni ya ubongo, wakakuta kwamba glutamini sinthetasi ilikuwa imepungua sana katika sehemu zile zile zilizopoteza nyuroni. Baadaye walionyesha kwamba panya anayetiwa methionini sulfoksimini polepole ndani ya hipokampasi hupata degedege za kujirudia. Mbwa wa Mellanby walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo. Sasa, ikiwa glutamini ndiyo inayoitunza sinapsi ya kusisimua, kuipunguza kungepaswa kuutuliza ubongo. Kwa nini basi unalipuka?

Sehemu ya jibu ni rahisi: astrosaiti isiyoweza kuigeuza glutamati hujaa glutamati, na uvutaji wake huzorota, hivyo glutamati hubaki nje. Sehemu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Nyuroni za kutuliza, zinazotumia kemikali iitwayo GABA kuzipunguza nguvu nyuroni nyingine, hutengeneza GABA hiyo kutoka glutamati, na glutamati hiyo nazo huipata kwa glutamini ya astrosaiti. Mwaka 2006 Liang, Carlson na Coulter walionyesha katika CA1 kwamba kuuvuruga mzunguko huu hupunguza GABA inayomwagwa kwenye sinapsi. Mwaka 2010 Ortinski na wenzake waliwafanya astrosaiti wa hipokampasi wavimbe na kubadilika kama wanavyofanya penye jeraha, huku nyuroni zikiachwa salama. Glutamini sinthetasi ilipungua, utulizaji ukadhoofika, mtandao ukawa mwepesi kulipuka, na walipoweka glutamini katika maji, utulizaji ulirudi. Nyuroni nyingi za kutuliza hupiga kwa kasi kubwa kuliko zile za kusisimua, na kazi yao haina vituo virefu. Nyuroni za namna hiyo hazina nafasi ya kuishi kwa akiba, na glutamini ikipungua, ndizo za kwanza kuelemewa.

Mwanafunzi wangu sasa yuko mwaka wa tatu. Juma lililopita nilimpelekea grafu ya mwaka 2014 yenye mistari miwili, mmoja ukishuka kadiri vipindi vya mapigo vinavyofuatana, na mwingine, wenye glutamini katika maji, ukibaki juu. Akaniuliza mstari wa pili ungedumu kwa muda gani kabla nao haujaanza kushuka.